Mizunguko Elfu Saba na Kitu

Mimi nasuka mota. Feni, pampu za maji, mashine za kusaga
kutoka Kibosho hadi Himo,
zilizoungua na zilizounguzwa.
Kibanda changu kipo Majengo, nyuma ya duka la chokaa,
na magitaa yalikuja yenyewe, kama paka:
leo moja, kesho lile limemwambia mwenzake.

Nikajifunza maneno yao.
Pikapu (usicheke, si gari la kubebea ndizi)
ni sumaku sita na waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
uliozungushwa mara elfu saba na kitu.
Hicho "na kitu" ndicho wanachogombania.

Ndelilio anataka daraja linaloelea,
lenye springi mgongoni na mkono wa kuyumbisha sauti.
Eliringia anasema daraja ni daraja,
likazwe kwa skrubu, likae kama shemasi wakati wa sadaka.
"Uzi mmoja ukikukatikia harusini,
tano zilizobaki zinasahau zilikotoka."
Wamenuniana tangu Pasaka,
na hapo hawajafika kwenye vigingi.

Pale shingo inapoanza, nyuzi zinapopita,
mimi naweka mfupa. Goti la ng'ombe, bucha ya Mbuyuni.
Nauchemsha na sabuni ya unga,
naukausha juu ya bati siku tisa, napiga tupa.
Mwanangu analalamika nyumba inanuka supu isiyonyweka.
Kuna wanaosema plastiki na mfupa ni sawa tu.
Sibishani. Nawauzia plastiki.

Mzee Anaeli alipigia bendi ya kiwandani, kule kwenye miwa.
Gitaa lake lina rangi ya chai ya maziwa,
limechubuka pale kiwiko kinapoegemea.
Alileta jeki iliyolegea. Akasema, kaza tu.

Nikakaza. Kisha nikalichomeka, likavuma,
mmmmm, kama friji ya baa mchana,
na kiburi cha fundi kikanipanda.
Sikumuuliza.
Nikasuka koili mbili badala ya ile moja,
hii imezungushwa kulia, hii kushoto,
mvumo ukutane na mwenzake, ife yote miwili.
Usiku kucha. Risasi ikanichoma kidole hiki.
Asubuhi nikamkabidhi ukimya
na sikudai hata senti.

Akarudi Alhamisi. Hakutaka kiti.
"Apaikunda, zamani nikilichomeka linalia.
Nikiweka kiganja juu ya nyuzi, linanyamaza.
Miaka arobaini na mmoja.
Sasa liko kimya kabla sijaligusa.
Litajuaje nimefika?"

Ningeweza kumweleza. Ni waya wa ethi tu, mzee,
ukigusa nyuzi mwili wako unaungana nao,
na si wako peke yake: mwili wowote,
wangu, wa Ndelilio, wa mwizi.
Nilikuwa nayo mdomoni, moto kama kiazi.
Nikaimeza.

Situpi kitu. Koili yake ilikuwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia
pamoja na vigingi visivyo na mwenyewe.
Nikairudisha, na skrubu zake zenye kutu,
kila moja kwenye tundu lake, hata ile iliyopinda.

Akachomeka. Mmmmm.
Bilauri ikatetemeka juu ya meza.
Kijana wa chokaa akachungulia mlangoni,
mweupe mpaka kope.
Mzee hakuwa na haraka. Aliliacha lilie,
akakunja mkono wa shati, mara moja, mara mbili,
ndipo akaweka kiganja.

Zile koili mbili bado ninazo.
Jana Ndelilio aliziulizia, zina kasoro gani?
Hazina, nikamwambia. Elfu arobaini.
Lakini kwanza chomeka hilo lako,
kaa kule mlangoni,
usiliguse.